Umesaini bondi na unataka kuacha kazi? Fahamu haki zako nchini Uganda

Mwalimu anapata nafasi nzuri zaidi katika shule nyingine. Muuguzi wa kliniki anataka kumfuata mume wake aliyehamishiwa makazi mengine. Fundi cherehani amechoka kulipwa mshahara nusu. Wote watatu wanakumbuka karatasi waliyosaini siku ya kwanza: "Nitafanya kazi hapa kwa miaka miwili. Nikiondoka kabla ya hapo, nitalipa."

Karatasi hiyo ndiyo watu wengi huiita bondi. Baadhi ya wafanyakazi wanaiogopa kiasi cha kuvumilia mateso kazini. Wengine wanatoroka usiku, wanapoteza mshahara wa mwezi na kumwachia matatizo ndugu aliyewadhamini. Njia zote mbili zina hasara, na mara nyingi hazina ulazima.

Makala hii inaeleza sheria za Uganda zinasema nini kuhusu bondi ya kazi, njia ulizo nazo ukitaka kuondoka, na mahali pa kuomba msaada. Inawahusu wakimbizi na pia raia wa jamii wenyeji, kwa sababu sheria ya kazi ni moja kwa wote.

Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi Uganda?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kupata nafasi za ajira na kufanya kazi ya kujipatia kipato. Ukishaajiriwa, unalindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 kama mfanyakazi mwingine yeyote. Sheria hiyo inatambua mkataba wa maandishi na pia mkataba wa mdomo. Kwa hiyo mwajiri hawezi kukuambia, "Wewe ni mkimbizi, sheria za kazi hazikuhusu."

Bondi ya kazi ni nini?

Bondi ni ahadi ya mfanyakazi kwamba atamtumikia mwajiri kwa muda fulani, na akiondoka kabla ya muda huo atalipa kiasi fulani cha pesa. Huwa ndani ya mkataba wa kazi au katika karatasi ya pekee. Katika makazi na miji ya karibu, utakutana na aina hizi:

1. Bondi ya mafunzo. Mwajiri amekulipia kozi, ada ya chuo au usajili wa taaluma, nawe umekubali kumtumikia kwa muda ili gharama hiyo imrudie.

2. Bondi ya mkopo. Mwajiri alikupa pesa kabla, labda za kodi ya nyumba, matibabu au usafiri, nawe unazilipa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara.

3. Bondi ya muda tu. Hukupewa mafunzo wala mkopo. Mkataba unasema tu kwamba ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili utalipa faini.

4. Bondi ya kushikiliwa mali. Mwajiri anachukua cheti chako halisi, kitambulisho chako cha mkimbizi au pesa ya dhamana, na anasema atakurudishia ukimaliza muda.

Ni muhimu kujua yako ni ya aina gani, kwa sababu nguvu yake mbele ya sheria si sawa.

Je, bondi inaweza kunilazimisha nibaki kazini?

Hapana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 25, inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi. Sheria ya Ajira nayo inakataza kazi ya kulazimishwa. Hakuna mahakama itakayotoa amri kwamba urudi darasani au kliniki ukafanye kazi usiyoitaka.

Kitu ambacho mwajiri anaweza kudai ni pesa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Maswali ni mawili, na yana majibu tofauti. Swali la kwanza: ninaweza kuondoka? Jibu ni ndiyo. Swali la pili: nikiondoka, nina deni? Jibu linategemea aina ya bondi, kiasi kilichoandikwa na namna ulivyosaini.

Bondi ipi ina nguvu?

Bondi ya mafunzo inaweza kuwa halali. Mwajiri aliyelipa gharama ya kweli kwa faida yako ana haki ya kutaka irudi, ikiwa masharti ni ya haki. Yanayopimwa ni haya: Je, mafunzo yalifanyika kweli? Je, gharama yake inajulikana na ina risiti? Je, muda wa bondi unalingana na thamani ya mafunzo? Je, deni linapungua kadiri unavyoendelea kufanya kazi? Kozi ya siku tatu haiwezi kulinganishwa na diploma ya miaka miwili. Maelekezo ya kawaida ambayo kila mfanyakazi mpya hupewa wiki ya kwanza ni sehemu ya kazi ya mwajiri, na ni vigumu kuyaita mafunzo ya kudaiwa.

Bondi ya mkopo ni deni. Ukiondoka, unadaiwa kiasi ambacho hakijalipwa. Mfano: ulipewa shilingi 600,000 na umekatwa shilingi 50,000 kila mwezi kwa miezi 7. Umeshalipa 350,000, zimebaki 250,000. Hizo ndizo unazodaiwa, si faini nyingine juu yake. Tunza kumbukumbu ya kila makato.

Bondi ya muda tu ni dhaifu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake, kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha juu. Mwajiri hapati moja kwa moja shilingi milioni 3 kwa sababu tu ziliandikwa kwenye karatasi. Mahakama itaangalia ni fidia gani inayofaa.

Bondi ya kushikiliwa mali ni hatari. Kitambulisho cha mkimbizi hutolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM, ili ujitambulishe na upate huduma. Mwajiri anaweza kukiangalia na kubaki na nakala. Hana sababu ya kukifungia kabatini. Kushikilia hati za mtu ili asiondoke, hasa pamoja na deni lisiloisha, ni dalili ya utumikishwaji. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 inautaja utumwa wa deni kuwa aina mojawapo ya unyonyaji. Jambo kama hilo ni la kupeleka polisi na kwa mashirika ya ulinzi, si la kujadiliana na mwajiri peke yako.

Niliisaini bila kuelewa Kiingereza. Je, inanifunga?

Swali hili linaulizwa sana na watu waliosoma kwa Kifaransa, Kiswahili au Kinyarwanda. Usikubali haraka kwamba "sahihi ni sahihi."

Uganda ina Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni mtu yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha iliyotumika katika hati husika. Kwa hiyo hata mtu mwenye diploma ya Kifaransa anaweza kuhesabiwa hivyo mbele ya hati ya Kiingereza. Aliyeandika hati kwa niaba ya mtu wa namna hiyo anatakiwa kuandika humo jina lake kamili na anwani yake, kuthibitisha kwamba maandishi yalisomwa na kufafanuliwa. Mahakama za Uganda zimewahi kukataa hati ambazo hazikufuata utaratibu huo.

Pia Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe ya hiari. Mkataba uliopatikana kwa vitisho, shinikizo lisilofaa au udanganyifu unaweza kupingwa. Ikiwa uliambiwa "hii ni fomu ya mshahara tu" na kumbe ilikuwa bondi, au ulilazimishwa kusaini baada ya kuwa umefanya kazi miezi mingi, mwambie mshauri wa sheria mapema. Andika unachokumbuka: tarehe, nani alikuwepo, na maneno uliyoambiwa.

Tahadhari: hoja hii haifuti deni lenyewe moja kwa moja. Kama ulipokea mkopo au ulisomeshwa kweli, mwajiri anaweza bado kudai kilicho chake.

Njia ulizo nazo

1. Kumaliza muda uliobaki

Ikiwa imebaki miezi miwili au mitatu na kazi haikuumizi, hesabu kwanza. Wakati mwingine kubaki ni nafuu kuliko kulipa. Usisaini bondi mpya katikati kwa ahadi ya kuongezwa mshahara kabla hujaisoma vizuri.

2. Kuomba kuachiliwa kwa makubaliano

Hii ndiyo njia inayofaa kujaribiwa kwanza. Waajiri wengi hawataki kesi. Wanachotaka ni nafasi isibaki wazi ghafla. Omba kikao na mkuu wako. Eleza sababu yako kwa heshima: ugonjwa, familia, masomo au safari. Toa kitu badala yake: kumfundisha atakayekupokea, kubaki hadi mwisho wa muhula, au kukabidhi kazi kwa maandishi. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, na yaseme wazi kwamba hudaiwi tena, au unadaiwa kiasi gani. Neno la mdomo "nenda tu, hakuna shida" halitakusaidia meneja akibadilishwa.

3. Kulipa sehemu iliyobaki tu

Kama mafunzo yalikuwa ya kweli, pendekeza kulipa kulingana na miezi iliyobaki. Tuchukue mfano. Kliniki ilimlipia muuguzi kozi ya shilingi 1,800,000, na bondi ni ya miezi 24. Ukigawanya, kila mwezi wa kazi unapunguza deni kwa shilingi 75,000. Akiondoka baada ya miezi 15, imebaki miezi 9. Deni lake kwa hesabu hiyo ni shilingi 675,000, si 1,800,000. Hata kama bondi haitaji hesabu ya namna hii, ni pendekezo la haki la kupeleka mezani. Unaweza pia kuomba kulipa kwa awamu. Kila unapolipa, dai risiti.

4. Mwajiri mpya kulipa

Kama unaondoka kwa sababu umepata kazi nyingine, mweleze mwajiri mpya ukweli kuhusu bondi kabla ya kusaini. Wengine hukubali kulipa deni hilo. Lakini uliza: je, nao wanakufunga kwa bondi mpya? Usitoke shimo moja ukaingia lingine.

5. Kuondoka kwa sababu mwajiri amekiuka mkataba

Mkataba una pande mbili. Ikiwa hujalipwa kwa miezi, unapigwa au kutukanwa, unasumbuliwa kingono, au kazi imebadilishwa kabisa bila ridhaa yako, Sheria ya Ajira inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kuondoka, kwa notisi au bila notisi, kwa sababu ya mwenendo usiofaa wa mwajiri. Kisheria hapo huhesabiwi kuwa umeacha kazi kwa hiari. Inahesabiwa kwamba mwajiri ndiye aliyeivunja ajira, na mwajiri aliyeivunja atapata shida kudai bondi.

Njia hii inahitaji ushahidi. Kabla ya kuondoka, kama usalama wako unaruhusu, lalamika kwa maandishi na utunze nakala, ujumbe wa simu, na majina ya walioshuhudia. Kama usalama wako hauruhusu, ondoka kwanza, kisha toa taarifa mara moja. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanatakiwa kupelekwa kwa afisa kazi ndani ya miezi mitatu. Usikae ukisubiri.

6. Kuipinga bondi

Kama bondi haina mafunzo wala mkopo nyuma yake, au kiasi ni kikubwa kupita kiasi, unaweza kutoa notisi, kuondoka, na kuandika kwamba hukubali deni hilo. Mwajiri akitaka, atakwenda kudai. Fanya hivi baada ya kuzungumza na mshauri wa sheria, si kwa kusikia ushauri wa sokoni.

Notisi: usiondoke kimya

Bondi na notisi ni vitu viwili. Hata kama huna bondi, unatakiwa kutoa notisi. Kwa Sheria ya Ajira, notisi ya chini kwa mwajiri au mfanyakazi ni:

- zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka 1 kazini: wiki 2
- mwaka 1 lakini chini ya miaka 5: mwezi 1
- miaka 5 lakini chini ya miaka 10: miezi 2
- miaka 10 na zaidi: miezi 3

Ukiwa bado katika kipindi cha majaribio, notisi ni siku 14. Soma pia mkataba wako, kwa sababu unaweza kutaja muda mrefu zaidi.

Kwa wale wanaovuka mipaka kutafuta kazi: nchini Kenya na Tanzania, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutoa notisi ya siku 28. Masharti ya mkimbizi kuruhusiwa kufanya kazi katika nchi hizo ni tofauti na ya Uganda, kwa hiyo ulizia kabla ya kuhama.

Barua ya kuacha kazi iwe fupi. Ofisi nyingi hutumia Kiingereza, kwa hiyo omba mtu unayemwamini akusaidie kuiandika. Yaliyomo yawe kama haya:

"Kwa Mkurugenzi. Yahusu: Kuacha kazi. Ninaomba kukujulisha kwamba ninaacha kazi yangu ya (taja cheo). Notisi yangu inaanza tarehe (taja) na siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe (taja). Kuhusu makubaliano tuliyosaini tarehe (taja), ninaomba tukutane ili tukubaliane kwa maandishi. Ninaomba pia malipo yangu ya mwisho na cheti cha utumishi. Ninashukuru kwa muda niliofanya kazi hapa."

Usiandike matusi. Usiandike "ninakubali kulipa kila kitu." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, ubaki nayo. Wakikataa kuipokea, itume kwa simu au barua pepe na utunze ushahidi wa kutuma.

Mshahara wangu wa mwisho

Kwa Sheria ya Ajira, kazi inapokwisha kwa njia yoyote, mfanyakazi anatakiwa kulipwa mshahara wake na stahili nyingine ndani ya siku 7. Hiyo ni pamoja na siku za likizo ulizokuwa umezipata lakini hukuzitumia. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo.

Mwajiri hawezi kuuchukua mshahara wote kwa kisingizio cha bondi. Sheria inataja makato yanayoruhusiwa, na inaweka kikomo: makato hayawezi kuzidi theluthi mbili ya malipo ya kipindi hicho. Dai hesabu ya maandishi ya kila shilingi iliyokatwa.

Pia una haki ya kuomba cheti cha utumishi, kinachoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Ni haki ya kila mfanyakazi kazi inapokwisha, haitegemei kama mmeachana kwa furaha.

Mdhamini wangu atapata shida?

Ndugu, mchungaji au jirani akisaini kama mdhamini, anaweza kudaiwa wewe usipolipa. Kwa Sheria ya Mikataba, dhamana ya mdhamini kwa kawaida huenda sambamba na deni la mdaiwa mwenyewe. Hii ina maana mbili. Ukitoroka, yeye ndiye atakayegongewa mlango. Lakini pia, kama deni lako ni 675,000, mdhamini hawezi kudaiwa milioni 3. Mwambie mdhamini wako mapema. Asikie habari kutoka kwako, asisikie kutoka kwa mwajiri.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwajiri amesema ataniitia polisi nikamatwe. Inawezekana?
Kutomaliza bondi si kosa la jinai. Ni mgogoro wa madai, na kazi ya polisi si kukusanya madeni. Lakini usipuuze wito wa mahakama. Mahakama ikishaamua kwamba unadaiwa nawe ukakataa kulipa, sheria ya Uganda inaruhusu hatua za kukaza hukumu, na mojawapo ni kifungo cha madai. Ukipata hati ya mahakama, ipeleke kwa mshauri wa sheria siku hiyo hiyo. Na ukiondoka, usichukue mali ya mwajiri. Rudisha simu, funguo na sare, na uandikiwe kwamba umevirudisha. Hapo ndipo kesi ya wizi huanzia.

Mwajiri anaweza kunifutia hadhi ya ukimbizi?
Hapana. Maombi ya hadhi ya ukimbizi huamuliwa na Kamati ya Serikali ya Kustahiki kwa Wakimbizi, chini ya sheria. Mwajiri hana sehemu katika uamuzi huo. Vitisho vya namna hiyo ni vya kuripoti OPM na UNHCR.

Nimepata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, lakini bondi haijaisha.
Mwajiri hana mamlaka juu ya faili lako la UNHCR. Mjulishe kwa maandishi mara tarehe inapojulikana na ujaribu kufikia makubaliano. Ikiwa kuna deni la kweli, pendekeza namna ya kulilipa ili mdhamini wako asibaki na mzigo. Na jihadhari: huduma ya kuhamishiwa nchi ya tatu hailipiwi. Anayekuomba pesa "kusafisha faili kwa sababu ya bondi" ni tapeli.

Mimi ni mtu wa kujitolea katika shirika, ninalipwa posho. Nami nina bondi?
Soma karatasi uliyosaini. Kinachoangaliwa ni hali halisi: je, unafanya kazi chini ya maelekezo ya mwajiri na unalipwa kwa ajili yake? Kama shirika limekupeleka mafunzo, uliza kabla ya kwenda: nikiacha, nitadaiwa? Jibu liandikwe.

Sina nakala ya mkataba wangu.
Iombe kwa maandishi. Mfanyakazi anastahili kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Wakikataa, afisa kazi anaweza kuwaagiza wailete.

Wapi pa kuomba msaada

Afisa kazi wa wilaya. Huyu ndiye mtu wa kwanza. Ana mamlaka ya kupokea malalamiko, kuchunguza, kuwapatanisha na kuamua. Huhitaji wakili ili kumwona. Anapatikana makao makuu ya wilaya: kwa Nakivale ni Isingiro, kwa Kyaka II ni Kyegegwa, kwa Rwamwanja ni Kamwenge, kwa Kyangwali ni Kikuube, na kwa makazi ya Kiryandongo ni wilaya ya Kiryandongo. Afisa asipotoa uamuzi ndani ya siku 90, unaweza kupeleka dai lako mbele zaidi. Asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Kazi.

Msaada wa kisheria. Refugee Law Project ya Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere huwashauri wakimbizi na watafuta hifadhi. Mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria wa Uganda husaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, na FIDA-Uganda husaidia hasa wanawake na watoto. Uliza katika dawati la ulinzi la makazi yako ni nani anayepokea watu karibu nawe na siku gani.

Viongozi wa makazi. Mwenyekiti wa RWC, mwenyekiti wa LC1 kwa jamii wenyeji, au ofisi ya kamanda wa makazi wanaweza kuwakutanisha na mwajiri mkazungumza. Hawana uwezo wa kuamua kesi ya kazi kama afisa kazi, lakini mambo mengi huisha mbele yao. Makubaliano yoyote mbele yao pia yaandikwe.

Polisi. Nenda huko kama umepigwa, umefungiwa, umenyang'anywa hati au umedhulumiwa kingono. Usisubiri kumaliza suala la bondi kwanza.

Unapokwenda kuomba msaada, beba: nakala ya mkataba na bondi, karatasi za malipo au ujumbe wa pesa kwa simu, risiti za mafunzo kama unazo, barua zote mlizoandikiana, na kitambulisho chako. Kama huna baadhi ya hivyo, nenda hivyo hivyo.

Kabla ya kusaini bondi nyingine

Uliza maswali haya matano, na usisaini siku hiyo hiyo: Ninapewa nini hasa, na kina thamani gani? Ni miezi mingapi, na inaanza kuhesabiwa lini? Nikiondoka katikati, deni linapungua? Itakuwaje nikiugua, nikijifungua, au mwajiri mwenyewe akinifukuza? Nani ananidhamini, na anajua anachosaini? Omba usomewe karatasi kwa lugha unayoielewa, na uondoke na nakala yako.

Makala hii inaeleza sheria kwa ujumla. Kila mkataba una mambo yake, kwa hiyo peleka wako kwa mshauri wa sheria au afisa kazi kabla ya kuamua. Kama unamjua mtu anayevumilia mateso kazini kwa kuogopa karatasi aliyosaini, msomee makala hii.